Boti ya Hata Masasi

Siku tuliyomzika mama, baba alikuja kanisani akinuka rezini. Wajomba zangu waliovuka kutoka kisiwa cha Idjwi walikasirika. Mmoja wao alinivuta mpaka kwenye ngazi akaninong'oneza, "Masika, baba yako ameshindwa kunawa mikono hata leo?" Nikamwambia aniache. Nilikuwa nimeketi kando ya baba kwenye benchi la mbele, na harufu ile ilikuwa imeniingia puani mpaka machozi yakakauka. Ni harufu tamu inayochoma, ya nanasi lililoiva kupita kiasi likawekwa karibu na petroli. Ninyi mliokulia mbali na ziwa hamuijui. Mimi nililala nayo, nilikula nayo, na siku moja ya utoto wangu niliipumua nikingoja baba yangu apigwe risasi, tena nikiwa na furaha.

Ngoja nieleze vizuri, maana mkiishia hapo mtaniita mchawi.

Ufuko wa Goma, kwetu Kituku, hauna mchanga. Volkano ilimwaga moto wake mpaka majini, moto ukapoa, ukawa mawe meusi yenye meno. Mtoto akianguka juu yake goti linamenyeka kama muhogo. Boti ya mbao ikiburutwa juu ya mawe hayo asubuhi na jioni, tumbo lake linaliwa kidogo kidogo mpaka siku moja mvuvi yuko katikati ya ziwa na samaki wake, anaona maji kwenye vidole vya miguu. Wengi walikufa hivyo, na watu wakasema ni ziwa limewachukua, kumbe ni mawe ya nyumbani kwao.

Baba hakuwa mtu wa ziwa. Alikuwa Munande wa Butembo, mtu wa milima, aliyekuja Goma kufanya kazi kwenye garagi, akiziba mabodi ya magari yaliyooza kwa kitambaa na ile gundi ya rezini. Kuogelea hajui mpaka leo. Lakini alipomwoa mama, binti wa Idjwi aliyejua kupiga kasia kabla ya kujua kupika, alianza kushinda ufukoni akitazama boti za wakwe zake zinavyokwaruzwa. Akajiuliza kwa nini gari livalishwe na boti iachwe uchi. Wavuvi walimcheka. Munande na maji, wapi na wapi! Nafikiri kicheko chao ndicho kilichompa kile kinywa cha majigambo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Boti iligeuzwa, tumbo juu, ikalazwa kwenye magogo. Mbao zilisuguliwa mpaka zikawa laini chini ya mkono. Kisha baba alikoroga rezini ndani ya debe, akadondoshea yale maji ya pili yanayoifanya iwe ngumu, na hapo kelele zikaanza, kwa sababu ikishachanganywa haimngoji mtu. Inapata moto yenyewe ndani ya debe. "Leta! Shika! Vuta! Usikunje!" Mama alishika kitambaa upande mmoja, yeye upande mwingine, wakakilaza juu ya mbao zilizolowa, wakakimwagia tena, na baba akasukuma mapovu nje kwa kipande cha mpira. Pale vipande viwili vya kitambaa vilipokutana, kimoja kilipaswa kulala juu ya mwenzake kwa upana wa kiganja. "Kiganja kimoja!" baba alirudia siku nzima. Chini ya hapo, alisema, boti ina mlango.

Kitambaa nacho hakikuchaguliwa kwa macho. Baba alikifunga chini ya jiwe zito, akafunga kamba, akatukabidhi sisi watoto tuvute kutoka mlangoni kwetu mpaka majini. Tulikimbia tukipiga mayowe, jiwe likirukaruka nyuma yetu. Kitambaa kilichofika majini bila tundu ndicho kilichostahili boti. Kitenge kilikufa kabla ya kufika kwa jirani. Gunia lilijitahidi, likafia njiani. Mwaka wakimbizi walipotujia kutoka ng'ambo ya mpaka, mji ukajaa plastiki za buluu na nyeupe za kuezekea vibanda vyao, baba akajaribu mojawapo, ikabaki nyuzi tu mikononi mwetu. "Na hii njo wanafunikia batu!" alisema, akaitupa. Zilizofika ni turubai za malori ya jeshi, zile nzito za kijani, ambazo askari waliovuka mpaka bila nchi walikuwa wakiziuza sokoni kwa chochote, hata kwa unga.

Mwaka huo wa wakimbizi nilikuwa mdogo, na mengi niliyaelewa vibaya. Kando ya barabara ya Kibumba niliona mikeka iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba za migomba, imepangwa mirefu na mifupi, nikadhani inangoja lori la sokoni. Nilimwomba mama atununulie mmoja, ule mfupi, wa kulalia mdogo wangu Kambale. Mama alinipiga kofi papo hapo barabarani, halafu akanikumbatia, na sikuelewa kofi wala kumbatio. Maji ya ziwa siku hizo yalileta watu. Tulikuwa tukienda kuchota, mama anatangulia na fimbo, anasukuma kitu mbali, kisha anatuita.

Katikati ya hayo yote sisi watoto wa Kituku tulikuwa na sikukuu yetu, siku ya mawe. Kila boti iliyovalishwa, kabla mwenyewe hajaichukua, baba aliiacha tumbo juu na kutuita wote. Tulipanga mstari, kila mmoja na jiwe lake jeusi, tukaipiga boti kwa nguvu zetu zote. Aliyeitoboa angepewa beseni zima la mandazi. Mawe yaliruka, ko! ko! ko!, yakarudi na kututafuta miguuni. Mtoto mmoja alipasuka paji la uso kwa jiwe lake mwenyewe na akaendelea kutupa, damu ikimwingia jichoni. Hakuna aliyewahi kula mandazi hayo. Na baba alisimama kando, mikono kiunoni, anapaza sauti ili wale wavuvi wa kucheka wasikie: "Mawe? Haiingie! Nyundo? Haiingie!" Halafu sisi sote, pamoja naye, tuliangusha la mwisho: "Hata masasi!"

Masasi, kwetu, ni risasi. Mama hakuyapenda maneno hayo.

"Papa Masika, sema mawe," alimwambia kila mara. "Ukisema mawe inatosha."

"Ni maneno ya kuuzisha tu, mama."

"Ile kinywa yako itatuletea mambo."

Baba alicheka. Lakini mimi sikujua kwamba ni maneno ya kuuzisha. Nilikuwa nimetupa mawe yangu mwenyewe, nikaona yanarudi. Baba alisema mawe hayaingii, yakawa hayaingii. Alisema nyundo, ikawa hivyo. Kwa nini kwa masasi aseme uongo? Usiku, bunduki zilipolia mjini, nililala nikijua kwamba sisi, tofauti na watu wengine wote wa Goma, tuna kitu ambacho bunduki haiwezi.

Siku moja baba alianza kutengeneza boti yetu wenyewe. Ilikuwa ndefu kuliko zote alizovalisha, na ilikuwa ya kutupeleka Idjwi kwa mama yake mama ikiwa mambo yataharibika, maana kila mtu alikuwa anasema yataharibika. Turubai likapungua. Upande wa nyuma, karibu na mahali ambapo mtu wa kasia hukaa, vipande viwili vilikutana kwa shida, upana wa vidole viwili hivi. Mama aliona.

"Kiganja kimoja, wewe mwenyewe unasema."

"Turubai imeisha. Tutapaka rezini mingi juu, nani ataona?"

"Maji itaona."

Wakagombana mpaka rezini ikaanza kuchemka ndani ya debe, ikabidi baba aimwage haraka na kuisambaza kabla haijawa jiwe. Ikakauka. Iling'aa vizuri sana, kusema kweli. Usingeona mshono wowote.

Vita vilipofika tulivisikia kwanza upande wa Kibati, baadaye uwanja wa ndege, baadaye mtaani kwetu. Asubuhi hiyo mama alikuwa ameshafunga sufuria, unga na blanketi, Kambale yuko mgongoni, na baba alikuwa ametafuta wanaume wa kumsaidia kugeuza boti na hakupata hata mmoja, kila mtu alikuwa na watu wake wa kuwaokoa. Boti ilibaki tumbo juu kwenye magogo yake. Mbele yetu, ziwani, mtumbwi mmoja ulikuwa unarudi wenyewe, unasukumwa na mawimbi. Watu walikuwa wameondoka nao alfajiri. Ulipogusa mawe nikaona mkono umening'inia nje, vidole vinachora maji, na ndani kulikuwa na maji mekundu hadi nusu. Ubavu wa mtumbwi ulikuwa na matundu madogo madogo. Nikafikiri, maskini, ule haukuvalishwa na baba.

Ndipo askari wakashuka kwa njia ya sokoni. Walikuwa wanakimbia, wale wa upande ulioshindwa, na mtu mwenye bunduki anayekimbia ni mbaya kuliko anayekuja. Walikuwa kundi dogo. Komanda wao alivaa koti la mvua la kike, la rangi ya waridi, juu ya magwanda. Mguu mmoja ulikuwa na buti, mwingine na ndala. Ningecheka siku nyingine. Jirani yetu mmoja, mzee muuza sambaza, wale dagaa wa kwetu, alisimama njiani akasahau kupisha, wakampiga kitako cha bunduki kichwani bila hata kupunguza mwendo. Alianguka akatulia, na samaki wake wadogo wakatawanyika juu ya mawe.

Walitazama ule mtumbwi wenye matundu. Walitazama boti yetu. Askari mmoja kijana, ambaye zamani alikaa kambini karibu na Lac Vert na alikuwa akija kwetu kuangalia watoto wakitupa mawe, akasema, "Komanda, hii njo ile boti ya hata masasi."

Komanda akamgeukia baba. "Njo wewe fundi?"

"Njo mimi, komanda."

"Masasi haiingie?"

Baba alisema polepole kwamba yalikuwa maneno ya kuuzisha. Komanda akampiga kofi.

"Kwa hiyo unadanganya batu?"

"Hapana, komanda."

"Basi ni kweli?"

Komanda akaelekeza kidole ziwani, kwenye ule mkono uliokuwa unachora maji. "Vijana yangu waliingia maji asubuhi, wakauawa kama kuku. Mimi sitaingia kwenye kitu sijakijaribu. Pita chini ya boti. Kama unasema kweli, utatoka muzima. Kama unadanganya, utakufa na bongo yako, na uongo yako yote."

Askari wawili wakamsukuma baba chini ya boti, wakampiga mateke mpaka akaingia wote. Mlio wa risasi ya kwanza kuwekwa tayari, ile kraa-chak, niliusikia vizuri kabisa. Na mimi, Mungu wangu, nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi mpaka nikajiziba mdomo. Nilijua kitakachotokea. Watapiga, masasi yataruka, ko! ko!, kama mawe yetu, na baba atatoka chini akijipangusa magoti, ataweka mikono kiunoni, na komanda mwenye koti la waridi atamwomba msamaha. Wale wavuvi wote wa kucheka wataona. Niliangalia nyuma kama wapo wa kuona.

Mama akacheka.

Alicheka kwa sauti kubwa, ile ya wanawake wa sokoni, akajipiga paja. "Wee! Komanda! Na wewe mutu muzima unasikiliza maneno ya huyu mubongo?" Askari wakamgeukia. Kambale alikuwa macho mgongoni, anauma pindo la kitenge. "Uliza Kituku yote! Hakuna mutu wa bongo kama bwana yangu. Alikuja kunioa akasema ana ng'ombe mingi Butembo, nikafika, nikakuta jogoo moja, na jogoo yenyewe ya jirani!" Kijana mmoja akacheka, wa pili akafuata. "Masasi! Hata mvua inaingia! Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua shoka la kuni lililokuwa kando ya jiko, akaipiga boti yetu.

Shoka likarudi. Liliruka juu na karibu limtoke mikononi. Nikaona uso wa mama unabadilika kidogo, na askari mmoja akasema, "Ee, kumbe!" Komanda akasogea karibu. Mama akapiga tena, palepale, na shoka likarudi tena, rezini ikaacha alama nyeupe ndogo, basi. Baba alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Mimi niliruka kwa furaha, nikapiga kelele, "Haiingie! Haiingie!" Mama hakuniangalia.

Alihama. Alizunguka akaenda nyuma, karibu na mahali pa mtu wa kasia, akapapasa kwa kiganja kama anayetafuta homa kwenye shingo ya mtoto. Halafu akainua shoka juu ya kichwa chake na kichwa cha Kambale, akashusha. Mara hii boti ikatoa sauti nyingine. Turubai likapasuka kwenye ule mshono wa vidole viwili, likajikunja juu, na mama akapiga tena na tena, vipande vya mbao vikiruka, Kambale akirushwarushwa mgongoni na kulia, mama akitukana kwa Kihavu cha kwao na kwa Kiswahili, akimtukana baba, mama ya baba, Butembo yote na milima yake. Sikuwahi kumwona mtu akipiga kitu hivyo. Alikuwa anapiga juu ya kichwa cha mumewe, na hakujua kichwa hicho kiko wapi humo ndani. Alipomaliza, palikuwa na tundu la kupitisha beseni. Akatumbukiza mkono mpaka begani, akautoa unavuja damu kwa sababu ya vibanzi, akamwonyesha komanda kipande cha turubai.

"Ona! Kitambaa na gundi! Kitambaa na gundi, komanda. Itazamisha wewe na vijana yako kabla hamujafika kwenye maji nyeusi, kwenye kina."

Askari walikuwa wanacheka sana. Mmoja alikaa chini kwa kucheka. "Fundi! Toka, fundi, bibi yako amekuvunjia nyumba!" Wakamvuta baba nje kwa mguu. Alikuwa na vumbi la mbao kichwani na usoni, jeupe kabisa, akawa anapepesa macho. Komanda peke yake hakucheka. Alimtazama baba, akageuza bunduki, akampiga kitako mdomoni mara moja. Meno ya mbele yalidondoka juu ya mawe. Niliyasikia. Kisha yule kijana wa Lac Vert, kwa kuagana tu, akaimiminia boti masasi.

Hayakuruka. Hayakufanya ko. Yaliingia upande huu na kutokea upande ule, na boti haikutikisika hata.

Walichukua mtumbwi wa jirani na kuondoka nao. Baadaye tulisikia milio mingi ziwani, halafu kimya. Sijui walifika wapi na sikuwahi kutaka kujua.

Hatukuwa na boti tena, kwa hiyo tuliingia ndani, chini ya kitanda, tukakaa hapo mpaka mji ukawa wa watu wengine. Na pale chini ya kitanda nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia komanda. Nilikuwa nimeshapata jibu langu kwa yale masasi yaliyopita. Bila shaka yalipita kwa sababu mama aliitoboa boti kwanza. Kila mtu anajua kitu chenye tundu kimeisha nguvu, hata mpira. Kama angeiacha, baba angetoka na meno yake yote, mkubwa kuliko komanda. Yeye ndiye aliyemwita mubongo mbele ya Kituku nzima. Hata tulipotoka nje, watoto walikuwa wanaigiza, mmoja akiwa mama na mwingine akiwa jogoo.

Baba hakusema naye. Mdomo ulikuwa umevimba, ni kweli, lakini mimi alinisemesha, Kambale alimsemesha, hata kuku aliwafukuza kwa maneno. Mama aliweka chakula, yeye akala akiutazama ukuta. Kwetu wanaume walipiga wake zao kwa makosa madogo kuliko hayo, na majirani walikuwa wanangoja kusikia. Mimi pia nilikuwa nangoja. Niliogopa na nilitaka, vyote viwili.

Nikawa naenda kukaa chini ya boti. Ilikuwa bado palepale kwenye magogo, na ndani ya giza lake harufu ya rezini ilikuwa nzito, na hakuna aliyenitafuta humo. Siku moja niliingia mchana, jua likiwa kali, nikalala chali pale ambapo mavumbi yalikuwa bado na alama ya mwili wa baba, viwiko na magoti. Alikuwa amejikunja upande wa mbele, mbali na shoka. Juu yangu, upande wa mbele, mwanga uliingia kwa vitundu vya masasi, nyuzi nyembamba zilizonyooka, zikanidondokea. Mmoja ulikuwa juu ya goti langu. Mwingine tumboni. Nikatazama chini nikauona mwingine kifuani, duara ndogo, inang'aa kwenye gauni. Niliweka mkono kuufunika, ukapanda juu ya mkono. Nikaweka mkono wa pili, ukapanda juu ya huo wa pili.

Tundu la shoka lilikuwa kule nyuma kabisa, mbali. Hapa juu yangu turubai lilikuwa zima, lile zuri, lenye kiganja kimoja na zaidi, lililofika majini bila tundu. Masasi yalikuwa yamelipita.

Nilitoka kwa magoti. Mama alikuwa anaosha sufuria kwa majivu, mkono wake umefungwa kitambaa. Nilikwenda nikashika kitenge chake kwa nyuma, nikakishika kwa mikono miwili. Akasema, "Nini tena? Una njaa?" Nikasema ndiyo.

Baada ya muda, mji ulipotulia kidogo, baba alipata turubai na nusu debe la rezini. Alianza kusugua mbao peke yake. Alikoroga peke yake. Alipofika kwenye lile tundu la shoka alisimama na kitambaa mkononi, kwa sababu kile kitambaa hakilazwi na mtu mmoja, na ndani ya debe moto ulikuwa umeshaanza. Mama akaja bila kuitwa. Akanawa, akashika upande wake. Nilisimama mlangoni, moyo unanipiga kama nimekimbia na jiwe.

Baba, kwa mdomo wake usio na meno ya mbele, akasema, "Kiganja kimoja?"

"Viwili," mama alisema. "Na ufanye haraka, inachemka."

Wakaweka viwili. Nilipoona hivyo niliingia ndani nikalia, na Kambale akalia kwa sababu mimi nalia.

Siku ya mawe ya boti hiyo Kituku nzima ilikuja, wengine kwa ajili ya kucheka. Tulipanga mstari. Baba alisimama mahali pake, mikono kiunoni. "Mawe?" alipaza sauti, herufi zikimtoka na upepo. "Haiingie! Nyundo? Haiingie!" Watoto wakavuta pumzi kwa lile la tatu. Baba akamtazama mama, aliyekuwa amekaa kwenye gogo na Kambale mapajani. Mama naye akamtazama.

"Mawe tu!" baba akasema. "Mawe tu! Kwa masasi, muulize bibi yangu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Kisha alinyanyuka, akachukua jiwe kubwa kuliko yetu yote, akalitupa kwa nguvu kwenye kile kiraka cha viganja viwili. Ko! Likarudi likamkosa baba kidogo. Toka siku hiyo mpaka alipoacha kazi baba hakusema tena lile neno, na wateja walipomdai neno hilo alisema, "Mawe tu, papa. Mawe tu."

Sasa mnaelewa kwa nini alinuka siku ya mazishi. Alikuwa amekesha na jeneza. Aliligeuza tumbo juu kwenye magogo, mzee yule, akalisugua, akalivalisha turubai chini na mbavuni, na aliponiita nishike upande aliokuwa akishika mama nikaushika. Mjomba alipoona alisema, "Shemeji, unafanya jeneza kama boti?" Baba aliendelea kupima mshono kwa viganja.

Makaburi ya njia ya Kibati yamechimbwa kwa sururu ndani ya jiwe. Udongo hakuna. Jeneza liliposhushwa kwa kamba lilikwaruza kuta zote mbili, sauti ile ile niliyokua nayo, na wajomba wakakunja nyuso. Kisha watu wakaanza kutupa, na pale kwetu kinachotupwa ni mawe. La kwanza lilipiga, ko, likateleza pembeni. La pili. Baba alikuwa ameinama ukingoni, sikio chini, mkono wake unaonuka umenishika bega, anasikiliza kila moja. Mawe yalizidi, makubwa, yakidondoka kwa pamoja, na hakuna mbao iliyolia.

"Mawe tu, Mama Masika," alisema. "Mawe tu."